Tope Tulilolitoa Mferejini Linakwenda Wapi?



Jumamosi moja ya msimu wa mvua uliopita tulikusanyika asubuhi, vijana wapatao thelathini pamoja na wazee wachache, ili kufanya salongo kwenye mfereji ulio kando ya njia inayoelekea soko la Munya, hapa kwetu Nyangezi. Mfereji ulikuwa umejaa tope hadi ukingoni, na maji ya mvua, kwa kukosa pa kupita, yalikuwa yakimwagika barabarani na kuingia katika nyumba za watu. Tulifanya kazi hadi saa sita. Wengine walichimba kwa majembe na mabeleshi, wengine walibeba kwa mabeseni, na nyimbo hazikukatika. Tulipomaliza, mawe ya sakafu ya mfereji yalionekana tena, na kando yake likabaki tuta refu la tope, kimo cha goti. Tulisali, tukapeana mikono, tukarudi nyumbani na furaha ya watu waliotenda jambo jema.

Jumanne ikanyesha. Sehemu ya tuta ilirudi mferejini usiku ule ule. Sehemu nyingine ilijipatia njia kati ya nyumba mbili, ikateremka hadi shamba la mama mmoja mjane aliyekuwa amepanda maharagi chini ya barabara. Mistari minne ya maharagi yake ilifunikwa kabisa. Alhamisi mama huyo alitujia bila kelele wala matusi, akatuuliza swali moja tu: «Wanangu, hilo tope mlilolitoa, mlitaka liende wapi?»

Hakuna aliyekuwa na jibu. Tulikuwa tumefikiria mfereji, wala hatukuwa tumefikiria tope. Tangu siku ile swali la mama huyo halijaniacha, na leo napenda kuwashirikisha maoni ambayo limenizalia. Nayo ni haya: tope halijaondolewa mpaka limepata mahali pake na mtu wa kulitunza. Bila mambo hayo mawili, tunalihamisha tu kutoka kwa jirani mmoja kwenda kwa jirani mwingine, na mara nyingi linamfikia yule asiye na nguvu ya kulikataa. Kwa hiyo twahitaji kanuni, tena kanuni tunazozielewa na kuzitunga pamoja, juu ya pa kuliweka tope na namna ya kulitumia tena.

Kilima kinachoteremka

Wataalamu huliita tope la namna hii mashapo, yaani chembe za udongo, mchanga na mabaki ya mimea ambazo maji huzibeba yanapokwenda kasi na kuziacha yanapopunguza mwendo. Mfereji wetu haukujaa kwa bahati mbaya. Tope lile lilikuwa shamba la mtu huko juu. Lilitoka katika miteremko ambayo miti yake imekatwa, katika mashamba ya mihogo yaliyolimwa kwa mistari inayofuata mteremko badala ya kuukata, katika mashimo ya watengeneza matofali na katika kingo za barabara zilizoachwa uchi. Kila jembe la udongo tulilolitoa mferejini ni jembe la rutuba ambalo mkulima wa kilimani amelipoteza. Ndiyo maana haifai kulitazama tope kama takataka tu. Kwanza ni mali iliyopotea njia.

Jaribuni jambo hili katika kikundi chenu. Chukueni chupa ya kioo, tieni tope la mferejini hadi theluthi yake, jazeni maji, tikiseni kwa nguvu, kisha iwekeni chini na mtazame. Mchanga hutua karibu mara moja. Vumbi laini hufuata katika muda wa saa moja au mbili. Udongo mfinyanzi, ambao chembe zake ni ndogo kuliko zote, waweza kuendelea kuyatia maji ukungu hata siku ya pili. Chupa hiyo itawaonyesha kwamba katika beseni moja la tope mna vitu vitatu vyenye kazi tatu tofauti: mchanga wa kujengea, vumbi la kurudisha shambani, na mfinyanzi wa matofali na vyungu.

Lakini itawafundisha pia jambo la hatari. Chembe ndogo kabisa, zile zinazokataa kutua, ndizo zinazoshika mbolea, na ndizo hizo hizo zinazoshika sumu. Risasi ya betri za magari zilizovunjwa, mafuta machafu ya gereji, zebaki ya wanaosafisha dhahabu, vijidudu vya choo kilichofurika: vyote hivyo husafiri pamoja na tope laini, na jicho halivioni. Tope jeusi lenye kupendeza laweza kuwa chakula cha shamba, laweza kuwa ugonjwa wa mtoto. Hapo ndipo kanuni inapoanza kuwa ya lazima, kwa maana mkono na jicho peke yake havitoshi kutuambia lipi ni lipi.

«Katika nchi ya vita, nani aongee juu ya tope?»

Nimekwisha kuulizwa swali hilo, na ni swali la haki. Watu wetu wamezika wapendwa wao, wamekimbia makwao, wamekosa shule. Mbele ya mateso ya namna hiyo, kuandika juu ya mifereji kwaweza kuonekana ni mchezo.

Najibu kwa kukumbuka tarehe 4 Mei 2023. Siku hiyo, katika eneo la Kalehe, kwenye ufuko wa Ziwa Kivu kaskazini mwa Bukavu, mvua ilishusha maji, mawe na tope juu ya Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa. Hakuna bunduki iliyolia. Miaka mitatu kabla yake, mwezi wa Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika Uvira, ukaleta kifo na kubomoa nyumba nyingi. Tope nalo huua, tena huua walio maskini kwanza, kwa sababu wao ndio wanaojenga pale ambapo ardhi ni rahisi: kando ya mto, chini ya mteremko, juu ya udongo ulioporomoka jana. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitufundisha kutotenganisha kilio cha ardhi na kilio cha maskini. Katika shamba la mama yule nimeona maana yake kwa macho yangu.

Tena si sisi peke yetu tulio chini ya kilima. Vijito vyetu vinaishia katika Ruzizi, mto unaotoka Ziwa Kivu pale Bukavu na kwenda Ziwa Tanganyika, ukiteremka karibu mita 700 kati ya maziwa hayo mawili. Juu yake kuna bwawa la Ruzizi I, lililojengwa Mururu mwishoni mwa miaka ya 1950, na la Ruzizi II, lililoanza kutoa umeme mwaka 1989, mali ya pamoja ya Kongo, Rwanda na Burundi kwa njia ya shirika la SINELAC. Wengi wenu mmewahi kukaa gizani kwa sababu takataka za ziwani, hasa chupa na mifuko ya plastiki, zimeziba mitambo ya Ruzizi I, ikabidi wapiga mbizi washuke kuzitoa. Tope halionekani kama chupa inayoelea, lakini nalo hufanya kazi yake polepole katika kila bwawa la dunia. Bwawa la Masinga katika mto Tana, huko Kenya, lililokamilika mwaka 1981, limepoteza sehemu ya nafasi ya maji yake kwa udongo ulioshuka kutoka vilimani. Na bwawa likijaa, wenye mitambo huwa na njia chache: kuchimba kwa gharama kubwa, au kufungua milango ya chini na kulisukuma tope mtoni. Likisukumwa ghafula, samaki hukosa hewa na mashamba ya chini hufunikwa. Swali la mama mjane ni lile lile, ila limekuwa kubwa: mlitaka liende wapi?

Kanuni tulizo nazo, na zile tunazozikosa

Nchi yetu haikosi sheria. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya misingi ya kulinda mazingira imeweka kanuni ya mchafuzi kulipa na imetambua haki ya wananchi kushiriki. Sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 imefuata. Sheria ya Migodi ya 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inahesabu mchanga na udongo wa kujengea kuwa mali ya machimbo, wala si kitu cha kuchotwa na yeyote popote. Lakini sheria kuu huweka misingi tu. Haiwezi kusimama kando ya mfereji wa Nyangezi siku ya Jumamosi na kumwambia kijana mwenye beleshi: weka hapa, usiweke pale. Kazi hiyo ni ya kanuni ndogo, za kijiji na za mtaa, na hizo ndizo tunazozikosa.

Wengine wamezitunga, nasi twaweza kujifunza kwao. Huko Uholanzi, nchi ambayo sehemu kubwa yake iko chini ya usawa wa bahari na iliyojaa mifereji, mwenye shamba lililo kando ya mfereji analazimika kisheria kupokea tope linalotolewa humo wakati wa matengenezo ya kawaida. Lakini sharti lake ni kwamba tope hilo liwe limepimwa na kuonekana halina madhara. Lile lenye sumu haliruhusiwi kwenda shambani. Kwa tope chafu la bandari ya Rotterdam walijenga shimo maalum liitwalo Slufter, lililoanza kutumika mwaka 1987. Na Mapatano ya London ya mwaka 1996, yanayohusu kutupa vitu baharini, yanadai kwamba kabla ya kutupa tope lililochimbwa watu wachunguze kwanza kama laweza kutumika tena.

Karibu zaidi nasi, kaunti ya Makueni nchini Kenya ilitunga sheria yake ya mchanga mwaka 2015, baada ya magomvi ya mchanga kugharimu maisha ya watu. Iliunda mamlaka ya kusimamia uchotaji, ikaweka utaratibu wa vibali. Katika nchi hiyo hiyo kavu ya Ukambani watu hujenga kuta ndogo kukata mito ya msimu ili mchanga ubaki nyuma yake, na ndani ya mchanga huo maji hujificha jua lisiyakaushe. Hapo mashapo yaliyokuwa hasara yamekuwa kisima cha kijiji.

Katika mifano hiyo yote naona utaratibu mmoja: kwanza hupima au huchunguza, kisha hutenga jema na baya, kisha humtaja mwenye wajibu. Fedha za Rotterdam hatuna. Utaratibu huo, hata hivyo, hauhitaji fedha za Rotterdam.

Ninavyopendekeza

Napendekeza mambo matano, ili vikundi vyetu viyajadili na kuyarekebisha kabla ya kuyapeleka kwa wakuu wa vijiji na wakubwa wa kimila.

La kwanza: mahali kabla ya jembe. Salongo ya kusafisha mfereji isianze mpaka pametajwa mahali pa kuweka tope, mwenye mahali hapo amekubali kwa hiari, na majirani walio chini yake wameulizwa. Mahali hapo pawe mbali na kingo za maji, pasiwe kwenye mteremko mkali, wala ndani ya kinamasi. Nasisitiza kinamasi, kwa sababu wengi hukiona kama shimo la bure la kujaza. Kinamasi ndicho sifongo cha bonde letu: hunywa maji ya mvua kubwa na kuyaachilia taratibu wakati wa kiangazi. Tukikijaza tope ili kupata kiwanja, maji yale yatatafuta nyumba zetu.

La pili: kuuliza tope limetoka wapi. Bila maabara tunaweza kutenga aina tatu. Tope la mifereji ya mashambani na la mabwawa ya samaki, ambako hakuna gereji wala choo juu yake, kwa kawaida ni jema, na wafuga samaki wanajua jinsi mboga zinavyostawi juu ya tope la bwawa lililokaushwa. Tope la mifereji inayopita kati ya nyumba lina vijidudu. Nasi tunaoishi katika nchi ya kipindupindu hatuna haki ya kulichezea. Tope la gereji, la soko la betri, la zahanati na la mahali panaposafishwa dhahabu lihesabiwe kuwa baya mpaka wenye ujuzi wathibitishe vinginevyo. Wanafunzi wa kemia na wa kilimo walio katika vyuo vya Bukavu ni ndugu zetu. Tuwaombe wachukue kazi hiyo.

La tatu: kulipumzisha. Tope bichi halina hewa na linanuka. Likiwekwa juu ya mimea huichoma. Litandazwe kwa tabaka nyembamba, lizungukwe na ukuta mdogo wa udongo au mistari ya matete ili lisiteremke, maji yake yachujike, lipigwe jua. Lile la kati ya nyumba lipewe muda mrefu zaidi, lichanganywe na majani makavu lioze, wala lisitumike kwa mboga zinazoliwa mbichi. Vioo, sindano na plastiki vitolewe kwa koleo, si kwa mikono mitupu. Wasichana wetu waliobeba mabeseni siku ile hawakuwa na viatu vya mpira wala glavu. Hilo ni kosa letu, tusilirudie.

La nne: kulitumia kwa mpango. Tope jema lirudi kwanza shambani, hasa katika mashamba ya juu yaliyonyang'anywa udongo wao. Kulipandisha kilimani ni kazi ngumu, lakini ni kurudisha mali kwa mwenyewe. Mchanga uliotengwa utumike kwa ujenzi wa pamoja: kalvati, sakafu ya darasa, ukuta wa chanzo cha maji. Mfinyanzi wafaa kwa matofali, ila hapa naomba tuwe waangalifu. Tanuri la matofali ya kuchoma hula miti mingi ya mikaratusi. Tukitumia tope kutengeneza matofali kisha tukakata miti ya kilima ili kuyachoma, tutakuwa tunatengeneza tope la mwaka ujao. Matofali yaliyoshindiliwa kwa mashine ya mkono na kuchanganywa na saruji kidogo hukauka kivulini bila moto. Vijana wanaotafuta kazi waitazame njia hiyo.

La tano: mtu na daftari. Kila mahali pa tope pawe na kamati ndogo ya watu watatu, mmoja wao akiwa mwanamke mwenye shamba upande wa chini, na daftari la kuandika: tarehe, tope limetoka wapi, mabeseni au matoroli mangapi, limekwenda kwa nani. Bila daftari, tope jema litageuka biashara ya wachache, na tope baya litatupwa usiku. Na yule ambaye kazi yake inaleta tope, awe mchimba udongo, mjenzi wa barabara au mwenye gereji, achangie gharama kadiri ya tope lake. Si haki kikundi cha vijana kibebe bure kila Jumamosi kile ambacho mwingine amekishusha kwa faida yake.

Kanuni isiyoeleweka haiishi

Najua pingamizi moja litakalotolewa na wazee, na ni wao walionifundisha. Wakati wa ukoloni watu wa Bushi walilazimishwa kuchimba mifereji ya kuzuia mmomonyoko katika mashamba yao. Kwa upande wa ufundi, wazo halikuwa baya. Lakini lilikuja kwa amri na adhabu, bila maelezo, na watu waliona ndani yake kiboko, hawakuona udongo wao ukiokolewa. Uhuru ulipofika mwaka 1960, wengi waliiacha mifereji ile ijae, na kwa wengine kuifukia kulikuwa sehemu ya kuonja uhuru. Kilima ndicho kilicholipa.

Kumbukumbu hiyo inatuonya sisi tunaopenda kanuni. Hata iliyo sahihi, kanuni isiyotoka katika mazungumzo ya watu hufa siku aliyeileta anapoondoka. Ndiyo maana sipendekezi tuiombe serikali itutumie karatasi nyingine. Napendekeza tuanze katika mashirika yetu madogo, mahali ambapo mtu wa juu ya kilima na mtu wa chini ya kilima huketi benchi moja na kuitana ndugu. Hapo mama mwenye maharagi aweza kumwambia mchimba matofali neno ambalo hakimu hajui kulisema.

Na sisi Wakristu tusione haya kushughulika na tope. Maandiko yanasimulia kwamba tuliumbwa kwa udongo, na kwamba bustani tuliyopewa tulipewa tuilime na tuitunze, maneno mawili yasiyotenganishwa. Yohane, katika sura ya 9, anasimulia jinsi Bwana alivyofanya tope ili kumponya mtu aliyezaliwa kipofu. Kitu kile kile ambacho wengine wangekikanyaga, mikononi mwake kilikuwa dawa.

Mnaweza kuuliza mambo ya mama mjane yaliishaje. Jumamosi iliyofuata tulirudi, safari hii tukiwa kumi na wawili tu. Tuliyafunua maharagi yaliyoweza kufunuliwa. Mengi yalikuwa yameoza, tukamchangia mbegu. Tuliondoa lililobaki la tuta, na mama mwenyewe akatuonyesha kona tambarare ya kiwanja chake, mbali na nyumba na mbali na kijito, akasema tulitandaze pale, akatuamuru kupanda matete kuizunguka. Hakutusifu wala hakutulaumu. Ila tulipokuwa tukiondoka, alisema kwamba mwakani, salongo ikifika, tuanzie kwake kuuliza kabla ya kuanza kuchimba. Kwangu mimi hiyo ndiyo kanuni ya kwanza, na imekwisha kutungwa.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika kijiji au mtaa wetu, tope la mfereji tunalolisafisha hutoka kwa nani, na huishia kwa nani? Twende tukalifuate kwa miguu kabla ya kujibu.

2. Ni mahali gani juu ya mifereji yetu panapoweza kutia sumu katika tope, na ni nani kati yetu anayeweza kwenda kuzungumza kwa heshima na wenye mahali hapo?

3. Kama tungetaja leo mahali pa kuweka tope la salongo ijayo, pangekuwa wapi, na nani angeshika daftari?

4. Ni kazi gani njema niliyoitenda ambayo mzigo wake ulimwangukia mtu asiyeulizwa?